The Valley: Uwanja Uliorudishwa kwa Kura

Tarehe 3 Mei 1990 wakazi wa Greenwich, kusini-mashariki mwa London, walikwenda kuchagua madiwani wao. Kwenye karatasi za kura, chini ya vyama walivyovizoea, palikuwa na jina geni: Valley Party. Chama hicho kilizaliwa kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kuitaka halmashauri iiruhusu timu ya Charlton Athletic irudi kucheza kwenye uwanja wake. Kilisimamisha wagombea 60. Kura zilipohesabiwa kilikuwa kimejipatia 14,838, asilimia 10.9 ya kura zote, na hakikuambulia hata kiti kimoja. Chini ya mwaka mmoja baadaye, halmashauri ileile iliyowakatalia mashabiki ikapitisha ramani ya uwanja wao.

Kila Desemba 5 inapokaribia, watu wa Charlton huikumbuka siku timu yao iliporudi nyumbani mwaka 1992, baada ya siku 2,632 za kuishi kwa kupanga. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tuliifahamu klabu hiyo baadaye sana, miaka ile ya 2000 hadi 2007 ilipokuwa Ligi Kuu, sehemu kubwa chini ya Alan Curbishley, tukiitazama kwenye vibanda umiza ikiwasumbua wakubwa Jumamosi moja na kupotea Jumamosi inayofuata. Tuliona timu ya kawaida yenye jezi nyekundu. Hatukujua kwamba uwanja ule uliokuwa ukionekana nyuma ya wachezaji ulikuwa umesafishwa magugu kwa mikono ya mashabiki wenyewe, na kwamba ulikuwa umegombewa kwenye sanduku la kura. Historia hiyo inastahili kusimuliwa yote, kwa sababu ugomvi wa viwanja vya michezo haujaisha mahali popote, na wachache waliovigombania waliwahi kuufikisha mbali kiasi hicho.

Klabu ilianzishwa tarehe 9 Juni 1905 na vijana wadogo wa mitaa iliyokuwa kando ya mto Thames, karibu na mahali ambapo leo pamejengwa malango makubwa ya kuzuia mafuriko. Miaka 14 ya mwanzo walikuwa wa kuhamahama: Siemens Meadow, Woolwich Common, Pound Park, Angerstein Lane. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha wakaliona shimo. Lilikuwa machimbo ya zamani ya mchanga na chaki, limeachwa, maji yametuama chini. Hapakuwa na fedha za kumlipa mkandarasi, hivyo watu wa mtaani wakaingia na makoleo kwa msaragambo, wakasawazisha chini na kurundika udongo pembeni mpaka kukatokea miteremko ya kusimama watazamaji. Ndiyo asili ya jina lenyewe, maana mtu akisimama katikati ya uwanja ule yumo bondeni kweli. Mechi ya kwanza ilichezwa Septemba 1919. Miaka miwili baadaye, 1921, Charlton wakakubaliwa katika ligi ya taifa.

Mapema kabisa klabu ilipata somo ambalo viongozi wa baadaye wangelisahau. Mwishoni mwa 1923, kwa kutafuta mapato zaidi, waliihamishia timu Catford, kwenye uwanja ulioitwa The Mount. Catford si mbali, lakini watu wa Charlton hawakuifuata timu huko, na watu wa Catford hawakuiona kuwa yao. Kabla msimu wa 1924 haujaanza walikuwa wamerudi bondeni.

Mwaka 1932 familia ya Gliksten, wafanyabiashara wa mbao, ikainunua klabu, na mwaka uliofuata akaajiriwa kocha Jimmy Seed. Yaliyofuata hayajawahi kurudiwa pale. Timu ilipanda daraja 1935, ikapanda tena 1936, na 1937 ikamaliza ya pili katika Ligi Daraja la Kwanza, juu kabisa nchini, ikiwa ndio kwanza imefika huko. Tarehe 12 Februari 1938, katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Aston Villa, watu 75,031 waliingia The Valley. Ukubwa wa uwanja ulitokana na jukwaa la mashariki, mteremko mpana wa kusimama uliopanda na ukuta wa machimbo, ambao ulihesabiwa miongoni mwa majukwaa makubwa kuliko yote Uingereza. Golini alikuwapo Sam Bartram, kipa mwenye nywele nyekundu aliyedaka hapo kuanzia 1934 hadi 1956, na ambaye sanamu yake imesimama nje ya uwanja tangu 2005. Naye alikuwapo Wembley mwaka 1947, Charlton walipoifunga Burnley 1-0 na kulibeba Kombe la FA, mwaka mmoja tu baada ya kulipoteza kwenye fainali mbele ya Derby County.

Ukimwuliza mzee wa Charlton mechi moja ya The Valley, hatakutajia ile ya watu 75,031. Atakutajia Desemba 21, 1957, mbele ya watazamaji wasiofika hata 13,000. Huddersfield Town, iliyokuwa ikifundishwa na Bill Shankly kabla hajaenda Liverpool, ilikuwa inaongoza 5-1 zikiwa zimebaki dakika zisizozidi 30, na Charlton walikuwa 10 uwanjani, kwa sababu beki Derek Ufton aliteguka bega mapema na sheria za wakati huo hazikuruhusu mchezaji wa akiba. Wakati wa mapumziko Johnny Summers alibadilisha viatu vilivyokuwa vimekwisha, akavaa vipya. Alikuwa mtu wa mguu wa kushoto. Siku hiyo alifunga mabao matano, na wenyewe wanasimulia kwamba yote yalitoka mguu wa kulia. Mechi ikaisha 7-6. Hiyo ndiyo hazina ya uwanja, na haiwezi kuandikwa kwenye hati ya kiwanja wala kuhamishwa kwa gari.

Mwaka huohuo wa 1957 Charlton walikuwa wameshuka daraja. Waliteremka na mahudhurio yao yakateremka nao, huku jukwaa lile la mashariki likizidi kuota majani kwenye nyufa.

Kosa lililozaa yote yaliyofuata lilifanyika 1982, na lilifanyika kwenye makaratasi. Michael Gliksten aliiuza klabu lakini akabaki na uwanja. Mnunuzi, kijana mfanyabiashara Mark Hulyer, akawa mwenye timu na mpangaji wa kiwanja kwa wakati mmoja. Katika msisimko wa siku zile si wengi waliolitilia maanani, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa Allan Simonsen, Mdenmaki aliyechaguliwa mwanasoka bora wa Ulaya 1977, ambaye Hulyer alimleta Charlton kutoka Barcelona. Simonsen alicheza mechi 16 tu kabla fedha za kumlipa hazijakauka. Mapema 1984 mahakama ikaamuru klabu ifilisiwe. Iliokolewa mwezi Machi na kundi la wawekezaji wakiongozwa na John Fryer, ikaanza upya kama kampuni mpya, lakini uwanja ukabaki kuwa wa mtu mwingine.

Mimi naamini kwamba siku klabu na uwanja vilipotenganishwa kwenye hati, The Valley ulikuwa umeshapotea. Lililobaki lilikuwa kusubiri sababu, na sababu ikaja kwa msiba. Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la mbao la uwanja wa Bradford City lilishika moto na watu 56 wakafa. Serikali ikabana sheria ya usalama viwanjani, na wakaguzi waliofika The Valley wakalifunga jukwaa la mashariki. Kiangazi hichohicho Gliksten akadai kipande cha ardhi nyuma ya jukwaa la magharibi. Upande mmoja watu wamezuiwa kusimama, upande wa pili njia ya kuingilia imekatwa.

Tarehe 7 Septemba 1985 Charlton walikuwa wakicheza na Crystal Palace hapo nyumbani. Mashabiki walipokuwa wakiingia walipewa kipeperushi. Maelezo yalikuwa mafupi: uwanja hautumiki tena, na klabu itahamia Selhurst Park, uwanja wa haohao Crystal Palace waliokuwa wakicheza nao alasiri hiyo. Hawakuitwa mkutanoni wala kuulizwa maoni. Mtu alikata tiketi, akasoma karatasi, akaambiwa nyumba imeuzwa na yeye yumo ndani.

Mechi ya mwisho ilikuwa Septemba 21 dhidi ya Stoke City. Watu 8,858 walikuja. Wengine waliingia uwanjani na kukaa chini kwenye nyasi, na shada la maua likawekwa katikati kama mtu anavyowekewa kaburini. Charlton walishinda 2-0. Mmoja wa wafungaji alikuwa Robert Lee, kijana ambaye kabla ya kusajiliwa alikuwa akifanya kazi kwenye mageti ya kuzungusha ya uwanja huohuo, akiwaingiza watazamaji. Baadaye alichezea timu ya taifa ya Uingereza.

Maisha ya Selhurst yalikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Uwanjani timu ilifanya maajabu: kocha Lennie Lawrence aliipandisha Daraja la Kwanza msimu uleule wa kuhama, 1986, na mwaka uliofuata ikaponea chupuchupu, Peter Shirtliff alipoifunga Leeds mabao mawili katika muda wa nyongeza. Miaka minne ikacheza na wakubwa wa nchi. Jukwaani hapakuwa na watu. Kutoka Charlton hadi Selhurst kwa ramani si mbali, lakini ni safari ya kukatiza kusini nzima ya London kwa barabara zinazosongamana siku ya Jumamosi, au kwa treni ya kuunganisha. Wengi walikataa kwa makusudi. Walisema hawatatia senti kwenye mfuko wa hasimu ili waitazame timu yao ikiwa mgeni. Mambo ya Catford ya 1923 yakajirudia, tofauti ikiwa kwamba safari hii hapakuwa na mahali pa kurudi.

Kilichoanza baada ya hapo ndicho ninachokiheshimu kuliko vikombe vyote. Mashabiki hawakuishia kulalamika. Gazeti la eneo hilo, South East London Mercury, liliwapa nafasi na kuwakusanyia sahihi za kuomba kurudi. Februari 1988 Rick Everitt na wenzake wakaanzisha jarida lao, Voice of the Valley, likiuzwa mkononi nje ya uwanja, likichambua hati za umiliki, sheria za mipango miji na hesabu za klabu kwa namna ambayo kurasa za michezo za magazeti makubwa hazikuwahi kufanya. Shabiki wa kawaida akaanza kujua nani anamiliki nini. Ndani ya klabu nako uongozi ulibadilika: wakaingia Roger Alwen na Mike Norris, watu walioipenda Charlton, na 1988 uwanja na klabu vikarudi chini ya umiliki mmoja. Machi 1989 wakawaita mashabiki kwenye ukumbi wa mji wa Woolwich na kuwatangazia kwamba timu itarudi The Valley.

Jumapili ya Aprili 2, 1989, malango yakafunguliwa ili watu waje kusafisha. Kwa miaka mitatu na nusu hakuna aliyepagusa. Magugu yalikuwa yamefika kifuani, vichaka na miti michanga imepasua zege la majukwaa, vyuma vya kuegemea vimeliwa na kutu. Watu walikuja na majembe, misumeno, glavu na mikokoteni ya kusukuma, wazee waliokuwa wamesimama pale enzi za Bartram wakiwa na wajukuu ambao hawajawahi kuona mechi hapo. Wengine walikwenda moja kwa moja kuzitafuta sehemu walizozoea kusimama, wakaanza kung'oa hapo. Takataka zikarundikwa kwenye uwanja wenyewe na kuchomwa, moto mmoja mkubwa. Miaka 70 baada ya msaragambo wa kwanza, The Valley ulichimbuliwa kwa msaragambo wa pili.

Hapo ndipo wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo, kwa sababu kurudi kulihitaji kujenga, na kujenga kulihitaji kibali cha halmashauri ya Greenwich. Klabu ilipeleka ramani ya uwanja wa kisasa wa kuketi watu 25,000, pamoja na majengo ya biashara ambayo mapato yake yangelipia ujenzi. Kamati ya mipango ilikutana katika ukumbi wa Woolwich tarehe 31 Januari 1990. Wiki hiyohiyo, siku mbili kabla, jaji Lord Taylor alikuwa ametoa ripoti yake kuhusu maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, yaliyoua watu 97, akipendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu. Charlton walikuwa wameleta ramani ya uwanja wa namna hiyohiyo. Ukumbi ulijaa mashabiki. Madiwani wakapiga kura: 10 wakakataa, wawili wakakubali.

Simulizi za upande wa mashabiki mara nyingi huwafanya madiwani wale waonekane watu wasio na moyo, nami sidhani ni haki. The Valley umezungukwa na nyumba. Floyd Road, Harvey Gardens na Valley Grove ni mitaa myembamba ya nyumba zilizoshikana, na baadhi ya waliokuwa wakiishi humo mwaka 1990 walihamia uwanja ukiwa umefungwa, wakijua kwamba jirani yao ni kichaka. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kila wiki mbili maelfu ya watu watapita mlangoni kwake, na juu ya hapo yataongezwa majengo ya ofisi, ana haki ya kusema hapana. Halmashauri nayo ilikuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi, na majengo ya biashara ya ukubwa ule hayakuwamo. Kama tatizo lingekuwa ukubwa wa ramani, ramani ingepunguzwa. Kosa la halmashauri lilikuwa jingine. Ilizungumza na mashabiki kama watu wa kupita njia, kana kwamba mwenyeji wa Charlton ni yule tu mwenye ukuta uliopakana na uwanja, na mamia ya watu wa mitaa ileile waliozaliwa na kukulia kwenye jukwaa la mashariki si wakazi. Palikuwa na wakazi pande zote mbili za ugomvi ule, na mara nyingi katika nyumba moja.

Uchaguzi wa madiwani ulikuwa umebaki miezi mitatu. Walioachwa nje ya mlango wakaamua kuupitia mlango wa mbele. Valley Party iliweka wagombea karibu kila wadi ya Greenwich. Waliziacha wadi mbili tu. Wagombea walikuwa watu wa kazi za kawaida ambao hawakuwahi kuwaza siasa. Walijifunza kujaza fomu, kugonga milango na kuhesabu wapiga kura wa mtaa. Miongoni mwa mashabiki walikuwamo watu wa fani ya matangazo, na hao ndio waliobuni mabango makubwa yaliyotundikwa kote Greenwich, kazi ya kiwango ambacho vyama vikubwa vingejivunia. Mtu ambaye hakuwahi kuingia uwanjani maishani mwake alilazimika kuuona ugomvi ule akiwa kituo cha basi.

Ni vizuri kukumbuka wakati wenyewe. Uchaguzi ule ulikuwa wa kodi ya kichwa ya serikali ya Margaret Thatcher. Mwishoni mwa Machi maandamano ya kuipinga yalikuwa yamegeuka ghasia katikati ya London. Karibu kila mpiga kura Uingereza alikuwa anaifikiria kodi hiyo. Katika hali hiyo, mpiga kura mmoja kati ya kila kumi wa Greenwich kumchagua mgombea wa uwanja wa mpira lilikuwa jambo ambalo hakuna mwanasiasa aliyelitarajia. Chama cha Labour kilibaki na halmashauri yake, lakini mwenyekiti wa kamati ya mipango alipoteza kiti. Msimu huohuo Charlton walishuka daraja, na sijapata kusoma simulizi la mwaka ule linaloanza na kushuka huko.

Baada ya uchaguzi lugha ilibadilika. Halmashauri na klabu wakaketi. Ramani ikaletwa upya na marekebisho, wakazi wakasikilizwa kuhusu magari na njia, na Aprili 1991 kibali kikatoka. Hakuna aliyesema wazi kwamba ni kwa sababu ya kura zile 14,838, na hakukuwa na haja. Sahihi za gazetini zilikuwa nyingi pia, na ziliishia kabatini. Diwani anaweza kuiweka barua kabatini. Kura iliyompunguzia wingi wake haiweki popote.

Kibali hakijengi. Klabu haikuwa na fedha, mkandarasi alisimama, akaanza, akasimama tena. Katika kiangazi cha 1991 timu iliondoka Selhurst ikahamia Upton Park kwa West Ham, ng'ambo ya Thames, ikitarajia kukaa miezi michache, ikakaa zaidi ya mwaka mmoja. Ofisi za klabu zilikuwa zimerudi bondeni kabla ya timu, kwenye vibanda vya muda. Ndipo mashabiki wakaombwa tena, safari hii fedha. Mpango ulioitwa Valley Investment Plan ulimruhusu mtu kuweka akiba yake klabuni na kupata tiketi kwa masharti nafuu. Zilipatikana kiasi cha pauni milioni moja, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kununua hisa wala dhamana yoyote. Waliosafisha ndio waliopiga kura, na waliopiga kura ndio waliochanga.

Tarehe 5 Desemba 1992 Charlton wakaikaribisha Portsmouth. Uwanja ulikuwa haujamalizika; jukwaa la magharibi lilikuwa la muda na upande wa mashariki, ule wa maelfu, ulikuwa mtupu. Waliingia watu 8,337, wengine wakikosa nafasi. Dakika ya saba Colin Walsh akapata mpira na kuupiga kwa mguu wa kushoto chini kwenye kona. Bao likabaki hilohilo moja mpaka mwisho. Wapo waliolia tangu timu ilipotoka kwenye korido, kabla ya mpira kuguswa. Curbishley, aliyekuwa mmoja wa makocha wawili siku hiyo, alikaa klabuni hapo hadi 2006.

Kilichofuata kinajulikana zaidi na nitakipita haraka. Jukwaa jipya la mashariki lilijengwa, kisha la magharibi, kisha la kaskazini, mpaka The Valley ukafikia watu 27,000 na zaidi. Mwaka 1998 timu ilipanda Ligi Kuu kwa fainali ya Wembley dhidi ya Sunderland iliyoisha 4-4, Clive Mendonca akifunga matatu, na penalti 7-6. Jambo lisilojulikana sana, na ambalo mimi naliweka juu ya hilo, ni kwamba kwa miaka kadhaa mashabiki walikuwa na mjumbe wao kwenye bodi ya wakurugenzi, aliyechaguliwa na wenzake kwa kura. Klabu ilikuwa imewaona wakifanya kazi na haikuogopa kuwaweka mezani.

Lakini hati ni hati. Januari 2020 Roland Duchâtelet, tajiri wa Kibelgiji aliyekuwa akiimiliki Charlton tangu 2014, aliiuza klabu na kubaki na uwanja pamoja na kituo cha mazoezi. Ni mpangilio uleule wa 1982, karibu neno kwa neno. Klabu iliuzwa tena Septemba mwaka huo, ikauzwa tena 2023, na katika mauzo yote hayo mawili kilichobadilisha mikono kilikuwa timu na mkataba wa kupanga. Watu waliokuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Valley Party sasa ni wazee, na walipoisikia habari hiyo hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Walijaa tena mitaani na mabango.

Tofauti na 1982, safari hii walikuwa wamejiandaa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2011 kuhusu mamlaka ya wenyeji inaruhusu kikundi cha jamii kuomba jengo au kiwanja kiandikishwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Kikishaandikishwa, mwenye mali akitaka kuuza lazima atoe taarifa, na kikundi cha wenyeji kikionyesha nia ndani ya wiki sita, mauzo husimama hadi ipite miezi sita tangu taarifa hiyo, ili wapate muda wa kutafuta fedha. Sheria haimlazimishi kuwauzia wao, na uandikishaji hudumu miaka mitano kisha huombwa upya. Mwaka 2013 umoja wa mashabiki wa Charlton ulipeleka maombi kama hayo kwa ajili ya The Valley. Aliyetakiwa kuamua ni halmashauri ya Greenwich. Iliyakubali.